Kumi hadi moja: Zanzibar Heroes kwa wana Sumbawanga

Sumbawanga tuko juu. Uwanda wa Ufipa umepanda kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, baridi ya Juni inatuvalisha makoti saa kumi na moja jioni, na samaki tunaowajua kwa majina ni migebuka wa Kasanga na Kipili. Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka hapa. Ndiyo maana kijiweni, mtu akisema "leo Zanzibar wanacheza", hakosekani wa kuuliza: "Zanzibar? Hiyo si timu ya mkoa tu?"

Ndugu yangu, kaa hapa, agiza kahawa, tuhesabu pamoja kutoka kumi kushuka hadi moja. Tukifika moja, swali lako utalimeza mwenyewe.

10. Kombe la sabuni

Mashindano ya Afrika Mashariki yalianza 1926, Kenya na Uganda wakigombea Kombe la Gossage. Gossage alikuwa mtengeneza sabuni. Tanganyika ikaingia 1945, Zanzibar ikafuata 1949, na kuanzia hapo visiwa vikawa na jezi yao kwenye mpira wa kimataifa. Jezi hiyo, kwa hiyo, imeutangulia Muungano kwa miaka 15. Imeutangulia pia uhuru wa nchi zote nne zilizokuwa zinacheza.

Sitawaficha ubaya: 1961 Kenya waliifunga Zanzibar 10-0. Kombe ni la sabuni, na siku ile visiwa vilifuliwa, vikasuuzwa, vikaanikwa. Wakenya wana haki ya kutamba kwa hilo, ila wangoje tufike namba mbili.

9. Nyumba mbili, kadi moja ya mwaliko

Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Mwaka huohuo chama cha mpira cha Bara kikaingia FIFA. Kanuni ya FIFA inataka chama kimoja kwa nchi moja, kwa hiyo kiti kikawa kimoja, na tangu hapo Zanzibar imekuwa ikisimama mlangoni.

Lakini hebu angalia jambo hili kwa karibu. Michezo haimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Zanzibar ina wizara yake ya michezo, shirikisho lake la mpira, ligi yake na waamuzi wake. CECAFA, shirikisho la mpira la Afrika Mashariki na Kati, inawapokea kama Zanzibar. Likija suala la kufuzu Kombe la Dunia au AFCON, wanakuwa Tanzania.

Mtu atasema: mbona Uingereza ina timu nne? Kwa sababu vyama vyao vilikuwepo kabla FIFA haijazaliwa 1904. Waliwahi foleni! Anayekuja mapema mnadani ndiye anayepata shati zuri, hata sisi wa huku tunalijua hilo.

8. Simba na Yanga, sogeeni kidogo

Enzi za Ligi ya Muungano, klabu za Bara na Visiwani zilipambana kutafuta bingwa mmoja wa Tanzania. Wengi tumekua tukiamini orodha ile ni ya kijani na nyekundu tu. Haya, andika: 1984 bingwa ni KMKM. 1989 bingwa ni Malindi. 1992 bingwa ni Malindi tena. Na 1995 Malindi hao wakafika nusu fainali ya Kombe la CAF.

KMKM kirefu chake ni Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo. Magendo waliyazuia baharini, ubingwa wakauvusha mchana kweupe.

Tangu 2004 klabu za Zanzibar zinaingia mashindano ya Afrika kwa tiketi yao wenyewe. Kwa maneno mengine, bingwa wa Unguja na Pemba anatambulika Cairo kwenye makao ya CAF, ila timu ya taifa ya Unguja na Pemba haitambuliki. Mtoto anakaribishwa mezani, mzazi anaambiwa asubiri nje.

7. Hamburg, 2006: kombe la waliokosa kadi

Siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Ujerumani, klabu ya St. Pauli ya Hamburg iliandaa mashindano ya timu ambazo FIFA haizitambui. Walikuja Greenland, Tibet, Gibraltar, Kupro ya Kaskazini, wenyeji St. Pauli, na Zanzibar. Vijana wetu waliitoa Gibraltar kwenye nusu fainali, wakafika fainali, wakatoka 0-0 na Kupro ya Kaskazini, wakapoteza kwa penalti.

Sasa fuatilia safari ya hao Gibraltar waliofungwa. Hawana nchi huru, wako chini ya Uingereza, na watu wao wote hawafiki elfu arobaini. Walikwenda mahakamani, wakang'ang'ania miaka na miaka, 2013 UEFA ikawafungulia mlango, na 2016 FIFA nayo ikawapokea. Leo wanacheza kufuzu Kombe la Dunia. Mshindi wa nusu fainali ile bado yuko nje na mshindwa yuko ndani, anakunywa chai. Kama kuna mwanasheria kijana anayesoma hapa, kazi hiyo, mwanangu.

6. Mwaka wa shaba mbili

Mwaka 2012 Zanzibar walisafiri mpaka Erbil, Kurdistan ya Iraki, kwenye kombe la VIVA la timu zisizo wanachama wa FIFA. Wakachukua nafasi ya tatu kwa kuifunga Provence ya kusini mwa Ufaransa 7-2. Saba! Huo si ushindi, huo ni mnada wa mahindi.

Desemba ya mwaka uleule, kwenye Kombe la Chalenji la CECAFA jijini Kampala, wakakutana kugombea nafasi ya tatu na nani? Na Kilimanjaro Stars, timu ya Bara. Sare ya 1-1, penalti zikapigwa mpaka zikachosha, Zanzibar wakashinda 6-5. Hiyo ilikuwa mara ya pili, maana 2009 jijini Nairobi walikuwa wameshaifunga Bara 1-0 kwenye mechi ya nafasi ileile. Sisi wa Bara tumejaa, kutoka Tunduma mpaka Tanga, kutoka Kasanga mpaka Mtwara. Wao ni visiwa viwili, na bado wanatuchukulia shaba mkononi. Kubali yaishe.

5. Uwanja ndio mwalimu

Oktoba 2020, Tanzania Prisons walikuwa wamehamishia mechi zao za nyumbani kwetu, Uwanja wa Nelson Mandela. Tarehe 22 wakaja Simba, mabingwa watetezi. Watu walikuja kutoka Laela, Matai, Namanyere na Mtowisa, wengine juu ya fuso zilizozoea kubeba maharage. Vumbi la Oktoba lilikuwa limepanda mpaka kwenye kope. Prisons wakashinda 1-0, na jirani yangu wa kuume, mzee aliyefunga shuka begani, alinishika mkono akasema: "Kijana, leo na sisi tumo kwenye ramani." Hakuuachia mkono wangu mpaka tulipofika getini.

Kile alichokisikia mzee yule ndicho wanachokisikia watu wa Unguja na Pemba. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa 1970, ukafanyiwa ukarabati mkubwa, ukafunguliwa upya tarehe 27 Desemba 2023 kwa mechi ya Zanzibar na Bara iliyoisha 0-0. Ndugu hawakutaka kufungana siku ya kuhamia nyumba mpya. Mei 2025 Simba walicheza hapo marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane. Agosti 2025 ukapokea mechi za CHAN, na hapo Sudan, nchi iliyo vitani, wakaifunga Nigeria 4-0 huku mashabiki wa Zanzibar wakiwashangilia kama watoto wao.

Na Pemba nao wana siku yao. Tarehe 13 Januari 2025, Uwanja wa Gombani, Kombe la Mapinduzi lilichezwa na timu za taifa, na Zanzibar wakalichukua kwa kuifunga Burkina Faso 2-1. Mcheza kwao hutunzwa.

4. Jezi mbili, jasho moja

Ukimwuliza shabiki wa Taifa Stars ataje wanaume waliombebea furaha, nusu ya majina yatakuja na harufu ya karafuu.

Bao la ushindi dhidi ya Uganda mwaka 2007, Uwanja wa Taifa mpya ulipokuwa unazinduliwa, alilifunga Abdi Kassim "Babi". Mlinzi aliyesimama kama mbuyu miaka yote ile akavaa kitambaa cha unahodha ni Nadir Haroub "Cannavaro". Machi 2019, tulipoifunga Uganda 3-0 na kurudi AFCON baada ya miaka 39, moja ya mabao matatu lilikuwa la Aggrey Morris, aliyewahi kuvaa pia jezi ya Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya Visiwani. Leo wapo Feisal Salum "Fei Toto", Mudathir Yahya na Ibrahim "Bacca". Ukiwatoa hao kwenye kikosi, kocha anabaki na filimbi.

Na kwenye ukocha? Hemed Suleiman, anayeitwa Morocco, ndiye aliyekuwa na Zanzibar Heroes kwenye habari tutakayoifikia namba mbili. Januari 2024, katikati ya AFCON ya Ivory Coast, alikabidhiwa Taifa Stars, na baadaye akaifuzisha AFCON ya Morocco. Morocco akatupeleka Morocco. Jina lilikuwa tiketi.

3. Binamu wa Karibi

Ukivuka Bahari ya Atlantiki utawakuta ndugu wa hali moja. Guadeloupe ni sehemu ya Ufaransa na FIFA haina habari nao. Lakini shirikisho la ukanda wao, CONCACAF, linawapokea, na 2007 walifika nusu fainali ya Kombe la Dhahabu. Martinique nao ni vivyo hivyo. Hakuna aliyekufa, na mpira wa Ufaransa haukuanguka.

Kisha Curaçao. Kisiwa hiki kiko ndani ya Ufalme wa Uholanzi, na wakazi wake ni kama laki moja na nusu, nusu tu ya Manispaa yetu ya Sumbawanga. Novemba 2025 walikwenda Kingston, wakawabana Jamaica 0-0, wakafuzu Kombe la Dunia la 2026. Hakuna nchi yenye watu wachache zaidi iliyowahi kufika huko.

Zanzibar kwa sensa ya 2022 ina watu karibu milioni moja na laki tisa. Hesabu haihitaji kalamu. Chukua Curaçao, izidishe mara kumi na mbili, bado hujaifikia Zanzibar, na chenji inabaki. Kama kisiwa kidogo kinaruhusiwa kuota, kikubwa kinanyimwa usingizi kwa nini?

2. 2017: mwaka wa machozi mawili na kicheko kimoja

Tarehe 16 Machi 2017, Addis Ababa, mkutano mkuu wa CAF uliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Mpaka siku hiyo Zanzibar ilikuwa mwanachama mshiriki tu, mtu wa kukaa kikaoni bila kura, kama kisiwa cha Réunion. Siku ileile Issa Hayatou aliangushwa baada ya miaka 29 madarakani, akaingia Ahmad Ahmad wa Madagascar. Rais mpya anatoka kisiwani, visiwa vimeingia. Darajani, kule Unguja, walicheza mpaka usiku.

Tarehe 21 Julai, Rabat, uanachama ule ukafutwa. Ahmad alisema kanuni hazikuangaliwa vizuri na kwamba CAF haiwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja. Miezi minne na siku tano, basi. Kuna maziwa ya mgando yanayokaa kibuyuni zaidi ya hapo.

Timu nyingine ingevunjika moyo. Desemba ileile Zanzibar Heroes wakaenda Kenya kwenye Chalenji na kikosi cha kocha Morocco ambacho hakuna aliyekipa nafasi. Wakaifunga Rwanda 3-1. Wakaifunga Bara 2-1, na hapo sisi tulinyamaza kidogo. Wakatoka sare tasa na wenyeji Kenya. Nusu fainali, Kisumu, wakawavua ubingwa Uganda 2-1.

Fainali ilikuwa Machakos, Jumapili ya tarehe 17 Desemba. Huku kwetu huo ni msimu wa kupanda, mvua imeshika Ufipa nzima. Nilikuwa nimejibanza kwenye duka la pembejeo karibu na Soko Kuu, nimekuja kununua mbegu, redio iko juu ya magunia ya mbolea. Kenya wakatangulia mapema. Dakika zikaenda. Mwenye duka alikuwa anampimia mama mmoja mbolea kwa kilo, kijiko kiko hewani, zikiwa zimebaki dakika chache mpira uishe, mtangazaji akapiga kelele: Khamis Musa, bao! Kijiko kikaanguka, mbolea ikamwagika sakafuni, na mama yule, badala ya kudai kilo zake, akauliza: "Ni Zanzibar hao?" Akaambiwa ndio. Akaketi kwenye gunia. Alikuwa anawahi kurudi shambani kabla mvua haijaongeza, lakini akaketi.

Muda wa nyongeza Kenya wakafunga tena, Masoud Juma. Haukupita muda, Khamis Musa akarudisha tena. 2-2! Yule mama sasa alikuwa amesimama juu ya gunia. Zikaja penalti. Jina la mji wetu wazee hulifasiri kuwa "tupa uchawi", na duka zima lilikuwa likiwaambia vijana wale kupitia redio: tupeni hofu, pigeni mpira. Lakini golini alikuwepo Patrick Matasi, akapangua tatu. Kenya 3, Zanzibar 2. Kombe likabaki Kenya.

Wakenya, hapo ndipo nilipowaambia mngoje. Mlitoka kwenye mabao 10 ya 1961 mpaka kuhitaji mikono ya Matasi kupona nyumbani kwenu. Sabuni imeisha povu.

Na mama yule alilipa kilo zake, akajitwika mfuko, akatoka kwenye mvua akisema: "Wamecheza hao watoto." Mpaka leo sijasikia uchambuzi wa fainali ile ulio sahihi zaidi.

1. Kampala, 1995: kombe ambalo hakuna kura ya kulifuta

Ndugu uliyeuliza kama hii ni timu ya mkoa, sogea. Mwaka 1995 Kombe la Chalenji lilichezwa Uganda. Fainali ikawakutanisha Zanzibar na wenyeji, kikosi cha Uganda B. Uwanja wao, mashabiki wao, mji wao. Zanzibar wakashinda 1-0, wakapanda na kombe, wakashuka nalo Unguja. Walikuwa mabingwa wa Afrika Mashariki na Kati.

Kwa nini hili ni namba moja na fainali tamu ya 2017 ni namba mbili? Kwa sababu ya kilichotokea Rabat. Uanachama uliotolewa kwa kura ulifutwa miezi minne baadaye, mikono ikanyanyuliwa ukumbini na kuteremshwa. Bao la Kampala halina mkutano wa kulijadili upya. Liko kwenye kitabu cha mashindano, baina ya mabingwa wa 1994 na mabingwa wa 1996, na jina lililoandikwa hapo ni Zanzibar, herufi nane, bila maelezo ya chini.

Na mbegu ile haijafa. Mwaka 2023 vijana wao wa chini ya miaka 15, Karume Boys, walikwenda Uganda tena na kurudi na kombe la CECAFA la umri wao. Wana Uganda, tunawashukuru kwa ukarimu. Mkiandaa mashindano mengine, tutumieni barua mapema tufunge mizigo.

Basi tumefika moja, na kahawa yako imepoa. Ninachokuomba ni kidogo. Zanzibar wakicheza Chalenji au Mapinduzi, fungua redio, kaa juu ya gunia kama yule mama, washangilie kama unavyoshangilia Taifa Stars. Taifa Stars inakula jasho lao kila siku, nasi tunalila bila kuuliza linatoka wapi. Na nyinyi mnaokwenda kwenye mikutano ya mpira Dar es Salaam, Cairo na Zürich kwa niaba yetu, wasemeeni ndugu zetu. CONCACAF wamekwisha onyesha njia, na CAF wenyewe waliwahi kuipita kwa miezi minne.

Siyo timu ya mkoa. Ni timu ya taifa iliyokosa kiti, na kombe inalo.